Kivuli cha Ukutani

Chumba cha bibi kilitazama magharibi. Jua la alasiri liliupiga ukuta wake mpaka ndani pakawa tanuri, naye, kwa moyo wake dhaifu, akawa anahema kama aliyetoka mbioni. Daktari alitwambia wazi: joto lile litamuua. Chumba kingine hatukuwa nacho.

Mjomba, fundi mwashi, akaanza kuuvika ukuta ule matofali mapya: moja ndani, moja limechomoza.

"Fundi, ukuta wako umelewa?" jirani akamtania.

"Bora mlevi kuliko mwenye homa!" Kisha akanigeukia mimi. "Kila lililochomoza linamfunika mwenzake. Nitamwachia mama kivuli, utaona."

Hakumaliza. Siku moja aliketi chini ya ukuta kupumzika, hakuinuka tena. Katikati pakabaki pengo la kimo cha mtu, bapa, wazi kwa jua.

Baada ya mazishi nilimkuta bibi chumbani ameegemeza mgongo wake ukutani, hapo hapo penye pengo.

"Hapa ndipo penye ubaridi," akasema.

Nikagusa. Palikuwa baridi kama mtungi wa maji. Nikatoka nje. Vivuli vya matofali vilirefuka kadiri jua lilivyoshuka. Ila kwenye pengo, pasipo na tofali hata moja, kilisimama kivuli kisichosogea, mkono juu, kama mtu aliyeshika mwiko.

Jirani akaleta fundi mwingine alizibe pengo. Bibi akapaza sauti dirishani:

"Mwache! Mwanangu aliniahidi kivuli. Hakusema cha nini."

Fundi aliondoka bila kuaga.

Kiangazi kikakaza. Bibi alilala vizuri, na mimi nikazoea kupita pale nimeinamisha macho. Mpaka jana. Nilipotazama, kivuli kilikuwa kimeketi chini, kichwa kimeinama, vilevile alivyoketi mjomba siku ile. Nikagusa ukuta. Ulikuwa umeanza kupata moto, na ndani bibi ameanza kuhema.

Sikumwita mtu. Nilikoroga udongo, nikauchukua mwiko wa mjomba. Moja ndani, moja nje. Matofali yalikaa sawa, kama vile kuna aliyeyashika upande wa pili.

Nilipoweka la mwisho, pengo likajaa vivuli vidogo vidogo. Kile kikubwa sikukiona tena. Bibi akashusha pumzi ndefu, tulivu.

"Sasa pumzika, mwanangu," akasema kutoka ndani.

Sijui alikuwa anamwambia nani.