Nukta ya Sandali

Hapa Krishnanagar kuna siku moja kwa mwaka ambayo mvulana mwenye akili hakanyagi nyumbani kwa msichana anayempenda. Ni siku ya kaka na dada, mara tu baada ya sherehe za Kali, mungu wetu wa kike. Dada anafunga tangu alfajiri, halafu anampaka kaka yake nukta ya sandali, rojo la mti unaonukia, kwenye paji la uso. Akishakupaka, wewe ni kaka yake mpaka siku ya kuchomwa maiti yako. Hakuna rufaa.

Mimi nilikanyaga. Aliyenipeleka ni Nimai, rafiki yangu tangu darasa la kwanza, na mtu pekee niliyemwambia kuhusu Kakoli.

"Tunaenda kula tu," alisema. "Kakoli anawapaka binamu zake, sisi tunasubiri nyama ya mbuzi. Vaa ile kanzu mpya akuone."

Nikavaa. Nikajipulizia manukato ya baba mpaka mbwa wa mtaani wakanipisha. Mfukoni nikatia bangili za kioo, za kijani, nimpe Kakoli tukipata upenyo jikoni.

Sebuleni ulitandikwa mkeka mmoja tu, na mbele yake taa ya mafuta na sahani ya vitamutamu. Binamu sikumwona hata mmoja.

"Keti, Shubho mwanangu," mama yake Kakoli akasema. "Nimai katueleza yote. Kumbe huna dada, na kila mwaka siku hii unajifungia chumbani unalia."

Nikamgeukia Nimai. Alikuwa anakagua feni ya darini kama fundi.

"Mama, mimi si wa kulia hivyo."

"Usione haya," Kakoli akasema. "Sijanywa hata maji tangu asubuhi kwa ajili yako."

Ungesema nini hapo? Midomo imemkauka, na mama yake kashika kombe la baharini tayari kulipuliza kama baragumu, machozi yakimlengalenga. Nikaketi. Kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto kikanigusa paji la uso, cha baridi, mara tatu, huku akisoma maneno ya kumfungia Mauti mlango. Siku zote nilikuwa naota aniguse. Kosa langu sikutaja kwa sababu gani.

"Na wewe Nimai, kaa upakwe," mama akasema.

"Mimi dada yangu kashanipaka, mama. Nyingine itanizidi."

Kakoli hakumbembeleza. Wala hakuwa amemtandikia mkeka. Hapo ndipo akili ilinirudia, imechelewa kama kawaida yake.

Kaka akishapakwa hutoa zawadi. Nikatoa bangili.

"Nzuri sana, kaka," Kakoli akasema, akazivaa.

"Zimekupendeza," Nimai akamwambia, kwa sauti laini ambayo mimi, miaka yote hiyo, sijawahi kuisikia.

Tukaanza kula. Nyama ilikuwa tamu, nayo iliniudhi kwa utamu wake.

"Shemeji," Nimai akaninong'oneza, "nisogezee chumvi."

Nikamsogezea. Kakoli akainamia sufuria ili nisione anacheka. Nilimwona.