Muthokoi wa Ng'ambo ya Barabara

Tangu bei ya bia ipande na mifuko ya watu ikauke, baa ya Mulinge pale Salama ilibaki na wateja wawili: nzi, na Mulinge mwenyewe. Zamani mbuzi mzima aliisha kabla ya saa nane mchana. Sasa mguu mmoja ulining'inia dirishani siku tatu mpaka ukabadilika rangi.

Hilo angelivumilia. Lililomkeketa maini ni hoteli ya Mwanahamisi, ng'ambo ya barabara. Mama huyo hakuuza hata tone la pombe, lakini madereva wa malori walewale waliokuwa wakimwita Mulinge "mdosi", bosi wao, na kuagizia meza nzima, sasa walikalia hata makreti ya soda kwake wakingoja chai na sahani ya muthokoi, mahindi ya kutwangwa yaliyopikwa na mbaazi. Mulinge alisimama mlangoni pake akiwatazama, na kila kijiko kilichoinuliwa kilimchoma yeye. Wivu, jamani, hauna dawa dukani.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mkewe, Nzisa, aliondoka alfajiri kila siku kwenda, alivyosema, kulima na akina mama wa kikundi. Alirudi hoi, akasonga ugali. Mulinge alipomwomba muthokoi, angalau mara moja, alijibiwa, "Mikono imeisha, Baba Mwau. Kutwanga mahindi mpaka maganda yatoke si mchezo."

Basi Jumanne moja mzee Mbuvi, mwenye majengo yote mawili, aliposhuka kutoka Mbooni, Mulinge aliona siku yake imefika. Alivuka barabara kwa mara ya kwanza, akamkuta mzee kwa Mwanahamisi, ameinamia sahani.

"Mzee, huyu mama ananimaliza," alinong'ona. "Mwaka ukiisha usimpatie hii nyumba tena. Nipatie mimi, nifungue hoteli ya maana."

Mbuvi alitafuna polepole, kisha akamsogezea sahani. "Kwanza onja."

Mulinge alichota ili apate la kukosoa. Mahindi yalikuwa laini, na mbaazi zilikuwa zimekaangwa kidogo kabla ya kuchemshwa. Mbaazi za namna hiyo alizijua kwa watu wawili tu: mama mkwe wake, na binti aliyefunzwa naye. Nyuma ya jiko mchi uligonga kinu, mara mbili kwa kishindo, mara moja kwa upole. Mdundo huo alikuwa ameamka nao miaka kumi na tisa.

"Nikimtoa Mwanahamisi," Mbuvi akasema, "kodi ya baa yako italetwa na nani? Tangu Aprili ananiletea Nzisa. Ama ulidhani nakuonea huruma?"

Nzisa akatokea, leso kiunoni, makapi ya mahindi yamemganda kwenye nyusi. Alimwona mumewe, wala hakurudi nyuma.

"Ningekuambia, ungekataa," alisema. "Na baa ingefungwa."

Akampakulia sahani yake, ikajaa. Dereva mmoja akapaza sauti, "Mama Mwau, nami niongeze! Huyu mzee wako ako na bahati, hii anakula kila siku!"

Watu wakacheka. Mulinge akala. Mle ndani kila mtu alikuwa amekula muthokoi wa Nzisa kumzidi yeye tangu Aprili, na aliwaonea wivu wote, mmoja mmoja, mpaka sahani ikaisha. Kisha akaomba nyongeza, akaambiwa angoje zamu yake nyuma ya madereva.