Jina Chini ya Kila Ukurasa

Martine alinunua kitabu cha kusomea kwenye simu, kinachofundisha kuishi na mume mkaidi. Alikisoma chooni ili mumewe, Ruffin, asijue. Ruffin hakuwa mume mbaya. Hakupenda tu kuambiwa kitu.

Alipokimaliza alimtumia rafiki yake Berthe, akamsihi kisitoke kwake. Berthe aliapa. Kisha akawatumia mama wa kwaya, kwa kuwa hao si watu wa nje. Mama wa kwaya wakakipeleka kwa mpiga fotokopi wa sokoni. Jalada lenye jina la mwandishi, lililokuwa jeusi kote, huyo aliliacha lisimmalizie wino.

Muuzaji alikuwa amechapa chini ya kila ukurasa, kwa herufi ndogo, jina la mnunuzi na namba yake ya simu. Martine hakuwa ameliona hilo. Wasomaji waliliona, na kwa kuwa jalada halikuwepo, wakajua nani ameandika.

Simu zikaanza.

"Allô, mama mwandishi? Minye niko Kambove. Bwana yangu anakula, ananyamaza. Iko ukurasa gani?"

"Mama, si minye niliandika."

"Eh, usijishushe, mama. Jina yako iko chini."

Martine akamtafutia ukurasa.

Alipomwendea Berthe, Berthe alishangaa. "Minye sikusema kitu kwa muntu. Nilituma tu."

Jumapili, Ruffin alirudi na karatasi hizo. Alipewa na Georges, mwenzake wa kiwandani. Akaketi mezani akasoma yote, bukari, ugali wao, ikapoa. Martine alisimama na mwiko mkononi. Akisema ndiye mwandishi, amemtukana mumewe mbele ya mji mzima wa Likasi. Akisema ndiye mnunuzi, amemtafutia dawa kama mgonjwa.

"Martine, ni weye njo uliandika hii?"

"Apana. Nilikinunua. Wanatia jina ya muteja."

"Ulikinunua juu yangu?"

"Ndiyo, papa. Juu yako."

Ruffin akarudi ukurasa wa kwanza.

"Na hawa wauzaji, uliwaambia nini juu yangu?"

"Hata neno moja."

"Berthe je?"

"Berthe alikipata kikiwa tayari kimeandikwa."

"Basi ule mwenye kuandika alinijulia wapi?"

Martine alisema hajui. Ruffin akakunja kona ya ukurasa mmoja, akasema hapo hakubali hata kidogo, kurasa nyingine wataongea. Akavuta sahani.