Jovita Anakuja Kuandikishwa

Jumatatu saa mbili asubuhi, Restituta alikuwa akipanga mafaili ofisini kwake Nshambya, mjini Bukoba, msichana mmoja alipobisha hodi. Alivaa sare ya shule, na miguu yake ilikuwa na vumbi.

"Shikamoo. Nimekuja kuandikishwa. Naitwa Jovita, wa kijiji cha Izigo. Nilifariki mwaka juzi, wakati wa kuchuma kahawa."

"Marahaba. Kaa hapo."

Restituta alichukua fomu. Kazi yake ilikuwa kukusanya taarifa za watoto wenye uvimbe wa ubongo kutoka zahanati na hospitali za Bukoba na Muleba, ili watafiti wa mikoa yote wasome rejesta moja. Wengi walifariki kabla ya kufika kwenye rejesta hiyo, na sasa mmoja alikuwa amejileta mwenyewe.

Jovita alijieleza vizuri kuliko wazazi wengi. Alikumbuka lini kichwa kilianza kumuuma, asubuhi alizotapika, siku aliyoanza kumwona mwalimu mmoja kama wawili. Alipewa dawa ya malaria mara nne. Kipimo cha picha ya kichwa kilikuwa ng'ambo ya ziwa. Nafasi ilipopatikana, alikuwa ameshazikwa.

"Mzazi lazima atie saini," Restituta alisema.

"Mama yuko shambani."

Wakapanda gari la utafiti mpaka Izigo. Mama yake, Consolata, alikuwa akipalilia migomba. Alimtazama binti yake, akampangusa miguu kwa kanga.

"Umekula?"

"Bado, mama."

Consolata aliisoma fomu yote, taratibu.

"Hii itamrudisha?"

"Hapana, mama."

"Nilidhani hivyo." Akatia saini. "Basi angalau ajulikane alikuwepo."

Wakala ebitoke, ndizi za kupikwa, na maharage. Jovita aliomba aongezewe, mara mbili, na mama yake akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha msichana akaaga, akaenda nyuma ya nyumba, kwenye kaburi lake kati ya migomba, akalala.

Restituta aliondoka na moyo mwepesi. Njiani alisimama zahanati kuchukua mafaili. Mwanamke alikuwa akitoka na mtoto mgongoni.

"Anaumwa nini?"

"Anatapika kila asubuhi, dada. Na kichwa. Wamenipa za malaria tena."

Restituta aliingia ndani, akamwomba muuguzi mtoto apelekwe kipimo cha kichwa.

"Kipimo kipi, dada?" muuguzi alisema kwa upole. "Hapa tuna dawa hizi za malaria tu."

Restituta alirudi nje, akamuuliza mwanamke jina na umri wa mtoto, akatoa fomu mpya. Akaandika: Avit, miaka mitano. Yu hai.