Aliyeachia Ngazi

Yoakimu alikuwa fundi wa mabati hapa Maretadu, na tangu aanguke hakuna aliyemwonea huruma kama alivyojionea mwenyewe. Mwanzoni watu walikuja na maziwa na pole nyingi. Kisha mvua ikashika, kila mtu akakimbilia mahindi yake, na mkewe Letisia naye akawa anaondoka na jembe alfajiri. Yoakimu akabaki na mguu uliofungwa plasta ngumu. Upweke ulimkaba hasa, mpaka akawa anaongea na kuku, na kuku wenyewe wala hawakujali.

Lakini aliyemngoja ni mmoja tu, Sulle, mwenzake wa kazi tangu ujana. Siku ile Sulle ndiye aliyekuwa chini ameshikilia ngazi, Yoakimu yuko juu anapigilia bati la duka. Akapita mzee Maximilian na fimbo yake. Sasa wewe utamsalimia mzee wa vile huku umeng'ang'ania ngazi? Sulle akaachia, akampa mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko, akainama: "Shikamoo, baba." Kabla marahaba haijatoka, ngazi iliteleza kwenye saruji, na Yoakimu akaja nayo.

Hasira alikuwa nayo, tena kubwa. Ila angekuwa yeye chini angeachia vilevile, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Alitaka Sulle aje, amgombeze weee, yaishe. Sulle hakuja. Walisema akiikaribia nyumba ile anakata kona, anapitia mtoni.

Siku moja Letisia akachoka, akaenda kumleta mwenyewe. Sulle akaingia, amekonda, akakaa ukingoni mwa kigoda na kofia mkononi, nyundo ingali kiunoni.

"Kumbe kazi unafanya," Yoakimu akasema kwa ukali.

"Nafanya, kaka. Paa la mama Agatha."

"Na nani anakushikia ngazi?"

Sulle akaangalia mlangoni.

"Hakuna. Napanda tu."

"Una wazimu? Watu wamejaa Maretadu!"

"Wapo. Wakija nawafukuza. Mimi ni nani hata nishikiwe ngazi?"

Yale maneno makali Yoakimu aliyoyapanga siku zote hizo hayakuja hata moja. Aliogopa kuliko siku aliyoanguka.

"Kesho usipande," akasema. "Sulle, nakuomba."

Sulle akaitikia kwa kichwa. Lakini Yoakimu alimfahamu tangu ujana, na hakumwamini.