Mikono Yote Miwili

Mama Mitchelle alimleta samaki wake ofisini kwetu Garsen ndani ya chupa ya achari, akaiweka mezani kwangu, juu ya daftari la chanjo.

"Daktari, mtoto hali. Leo siku ya tano."

Mtoto mwenyewe alikuwa samaki wa mapambo kutoka Mombasa, wa wale wanaopigana wakiwekwa wawili. Alikuwa mwekundu, mapezi yamemlegea kama kitambaa kilicholowa, amelala ubavu kwenye tope jeupe. Mama Mitchelle alikuwa akimtilia makombo ya chapati na kiini cha yai, na kila alipokataa alimwongezea. Nilipofungua kifuniko, uvundo ulinipanda puani ukakaa.

Nina diploma ya afya ya mifugo. Nimesomea ng'ombe, mbuzi, kondoo, ngamia na kuku. Samaki alikuwa na kurasa mbili kitabuni, nami nilizibana kwa pini. Sisi ni Waorma, watu wa ng'ombe. Nyumbani kwetu samaki haliwi wala haguswi, na bibi yangu Qabale akisikia jina lake hutema mate. Mimi namwona ni nyoka aliyekosa urefu.

Lakini Mama Mitchelle ni mke wa mkubwa wangu.

"Mzee yuko Hola mkutanoni," alisema. "Amesema wewe utaweza."

"Huko alikotoka alikuwa akila nini?"

"Nitajuaje? Mimi nilipenda rangi."

Nilitia maji ya mtungi kwenye bakuli, na chumvi kidogo. Kisha nikamwaga lile tope polepole, naye akateleza kiganjani mwangu, baridi, ana ute kama kamasi la mtoto. Ngozi ilinisisimka hadi mabegani. Nilimshika kwa kushoto, nikampangusa ukungu ubavuni kwa kulia, nikamtia bakulini.

Tangu mafuriko ya El Nino, mbu wa Garsen hawahesabiki. Nyuma ya ofisi kulikuwa na tairi bovu lenye maji meusi yaliyojaa viluwiluwi. Niliwachota kwa kiganja, wakijinyonganyonga kati ya vidole vyangu, nikampelekea mgonjwa. Hakuwatazama. Ikabidi nitie mkono tena, nimwinue kichwa.

Hapo ndipo Ami Jarso aliposimama mlangoni.

Ami Jarso ni mdogo wake baba. Tangu nihitimu alikuwa amenikataza kugusa hata mbuzi wake, akidai mifugo haijulikani kwa vitabu, na wafugaji wengine walimsikiliza yeye. Leo alikuja mwenyewe, kwa miguu yake.

"Abdia, mtamba wangu ameshindwa kuzaa. Yuko hapo joshoni, tangu alfajiri..." Akaona bakuli. "Umeshika nini?"

"Samaki, ami. Mgonjwa."

"Samaki mgonjwa." Alimtazama Mama Mitchelle, akarudi kwangu. "Ndiyo tuliuza ndama usome hilo?"

"Nanawa, nakuja."

"Hilo halinawiki. Umemshika kwa mkono upi?"

Ningesema wa kushoto, tungemaliza.

"Yote miwili."

"Daktari, usimwachilie," Mama Mitchelle alisema, "amefungua mdomo."

"Mshike mwenyewe, mama." Nikauchukua mkono wake, nikautumbukiza bakulini.

Nilinawa kwa dawa mara tatu. Joshoni, panapoogeshwa ng'ombe, Ami alisimama kati yangu na mtamba. Mguu mmoja wa ndama ulikuwa nje, na ulimi umechungulia, umevimba.

"Mguu wa pili umekunjika ndani," nikasema. "Tukikaa hapa tukibishana, utawazika wote wawili."

"Umemla?"

"Nani?"

"Huyo samaki."

"Ami, ningetapika."

Alimtazama mtamba, akaitazama mikono yangu. Kisha akatugeuzia mgongo, akakaza macho kwenye barabara ya Tarasaa.

"Mimi sijaona kitu," alisema.

Niliingiza mkono hadi begani. Damu, mavi na maji ya uzazi vilinirukia usoni, na sikuona kinyaa hata kidogo. Nilipouvuta mguu ukanyooka, ndama alishuka kama gunia, akapiga chafya.

Niliporudi ofisini Mama Mitchelle alikuwa bado ameinamia bakuli, machozi yakimtoka.

"Amekula watatu, daktari. Njoo uone."

Nikaona. Alikuwa akimeza wa nne, na mkia wa kiluwiluwi ulikuwa ukitikisika bado kwenye midomo yake. Nilitoka mbio, nikatapika ukutani.

Siku ya tatu Ami Jarso alileta maziwa kwenye kibuyu, pamoja na kikombe cha plastiki. Alinimiminia kutoka juu, kibuyu kisiguse kikombe.

"Na yule mdudu?"

"Amepona. Anakula kama fisi."

Alitema mate nje ya mlango.

"Kikombe baki nacho, usinirudishie," alisema. "Na kesho uje mapema. Kuna ndama sita wa kuchanjwa."