Beseni la Miguu ya Dada

Dada yangu aliacha dawa za presha kwa sababu ya mwanaume. Usifikirie mbali; dada ana miaka sabini na mitatu, na mwanaume mwenyewe yumo ndani ya televisheni. Ni yule mfungaji mstaafu wanayemwita Radi. Kila mechi kubwa ikifika mapumziko anatokea na meno yake yote, anainua kikombe cha unga wa nguvu uliokorogwa mzito kama uji, anakunywa, anasema, "Moyo wangu unajua hiki tu." Mkwe wangu anadai nusu dakika ya tangazo hilo siku ya fainali ni bei ya nyumba tatu. Nyumba tatu, kumwonyesha mtu mzima akinywa uji!

Dada akanunua kopo lake. Kufika siku ya tisa vidonge vimelala kwenye droo, miguu imevimba mpaka kandambili hazimwingii, na asubuhi ya fainali alipoinuka kitandani alitaka kushika ukuta, akaukosa.

"Dada, meza dawa."

"Kwani Radi anameza dawa?"

Hapo ndipo roho iliponichafuka, maana Radi namjua. Mimi ndiye mfagiaji wa studio walikopiga tangazo lile.

Siku ya kulipiga, mwongozaji, kijana mwenye kofia ndani ya nyumba, alinijia mbio. "Bibi, tafuta chombo cha kutemea, upesi!" Ndoo za pale zote zilikuwa na rangi. Nikavuka barabara hadi nyumbani, nikabeba kilichokuwa karibu: beseni la njano lenye kiraka cheusi, plastiki niliyoyeyusha kwa mkono wangu lilipopasuka, ikaondoka na kucha ya dole gumba langu. Ndilo dada analolowekea miguu kila siku.

Nikasimama nalo pembeni ya meza. Radi anakunywa, anatabasamu, mwenye kofia anasema "Kata!", Radi anatema. Mara kumi na saba. Kitu kinatoka kinavutika kama kamasi, kingine kinaning'inia kidevuni, binti wa poda anampangusa, wanaanza upya. Beseni likawa zito. Juu povu, chini mate, na lote lina joto la mdomo wa mtu. Nilitazama dari nisije nikaongeza na changu.

"Hivi kuna watu watameza takataka hii?" Radi akaniuliza.

"Watakuwepo, baba, ukishamaliza kuitema."

Akacheka. Kisha akatoa vidonge mfukoni. "Nipe maji, bibi. Ni vya presha. Nisipomeza hivi, naanguka."

Yote hayo nilimweleza dada. Alicheka mpaka akakohoa. Kosa ni langu. Mwaka jana nilimtania kwamba daktari wa macho anaulizia kama yeye ameolewa. Akaenda kliniki na hereni. Tangu hapo nikisema mvua inanyesha, anatoa mkono dirishani kwanza.

Basi alasiri tukakaa watatu: mkwe kwenye kochi, mimi kwenye stuli, dada kwenye kiti chake, miguu ndani ya beseni, kikombe cha unga mkononi. Mapumziko, Radi huyo. Dada akainua kikombe, wakanywa pamoja kama maharusi.

Mimi tangazo lile sijawahi kulitazama. Likianza tu nakimbilia jikoni. Siku hiyo goti lilikaza, nikabaki. Ndipo nikaona. Mezani kwa Radi kuna birika la kung'aa, na tumboni mwa birika, kama kwenye kioo, kuna kitu cha njano.

"Dada! Tazama birika!"

"Birika gani?" Tangazo limeshapita. "Umeanza, mdogo wangu."

"Mama, tuache tuone mpira," mkwe akasema.

Mimi, nisiyejua kuotea ni nini, nikaanza kuomba sare ili tangazo lirudi. Timu ya mkwe ikikaribia goli, namwombea kipa wa wenzao. Zikaisha dakika tisini, zikaisha za nyongeza, bado bao moja kwa moja. Kabla ya penati, Radi huyoo! Nikaruka, goti na lote, nikabandika kidole kwenye kioo.

"Hapa! Usimwangalie yeye, angalia hapa!"

"Mama, kioo changu!"

Dada akanyoosha shingo. Tumboni mwa birika, beseni la njano. Kiraka cheusi. Dole gumba langu lisilo na kucha. Akatazama televisheni, akatazama chini. Akainua mguu mmoja, kisha wa pili, yote miwili ikabaki hewani inachuruzika.

"Alitemea humu?"

"Mara kumi na saba."

"Na vile vidonge?"

"Vyeupe, vina mstari katikati. Kama vyako."

Akakitazama kikombe chake. Kisha akakiinamisha taratibu, uji wote ukaangukia kwenye maji ya miguu, ukaelea humo kama jipu lililopasuka. Mkwe akageuza uso.

"Niletee dawa zangu," dada akasema. "Na maji kwenye glasi."

Nikaleta mbio. Akameza, akasonya kuelekea kwenye televisheni. Penati ya kwanza ikapigwa, hakuna aliyeiona. Halafu akanikazia jicho.

"Siku ile, uliliosha kabla ya kumpelekea?"

"Dada, mtu kaniambia upesi!"